Dhara haiondolewi kwa dhara: Tawi kavu na shingo ya kibarua

KATIKA mafunzo ya Mtume (s.a.w.) yapo masimulizi ambayo sisi walimu huwasomea watoto wa madrasa mpaka yakazoeleka, na yakishazoeleka hatuyazingatii tena. Mojawapo ni habari ya mtu aliyepita njiani akakuta tawi la mti linalowaudhi wapita njia. Akaazimia kuliondoa ili lisiwadhuru Waislamu, na kwa amali hiyo akaingizwa Peponi. Habari hii ameipokea Imam Muslim. Na katika Hadithi nyingine mashuhuri tunafundishwa kuwa imani ina matawi sabini na kitu, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani.

Nimezisomesha Hadithi hizi kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini ni tawi moja la mwembe wa marehemu babu yangu lililonifahamisha kuwa nilikuwa nikizisomesha nusu. Naomba ndugu msomaji anivumilie nieleze kisa chenyewe, kwani ndani yake limo suala ambalo naamini linawahusu wengi wenye mashamba, viwanja na miti.

Mti wa urithi

Familia yetu ina shamba wilayani Muheza, mkoani Tanga. Si shamba la mazao hasa. Ni pori dogo la ekari tatu aliloliacha babu, lenye miembe mikongwe, misufi, mifenesi na mivule michache. Katikati yake inapita njia ya miguu. Hiyo ndiyo wanayopita watoto kwenda chuoni alasiri, na akina mama kwenda kisimani. Babu hakuifunga, nasi hatuna nia ya kuifunga.

Juu ya njia hiyo ulikuwapo mwembe ambao tawi lake moja, nene kiasi cha kiuno cha mtu, lilikuwa limekauka. Kwanza lilipukutisha majani. Mwaka uliofuata likaanza kuambuka magome, kisha vitawi vyake vikawa vinaanguka vyenyewe hata pasipokuwa na upepo. Sote tuliliona. Aliyetuuliza tulimjibu kuwa mti ni wa Mwenyezi Mungu, ukitaka kuanguka utaanguka.

Ijumaa moja ya mwaka 2021 bibi mmoja jirani yetu alinisubiri nje ya msikiti. Akaniambia: "Maalim, lile tawi lenu linanitisha. Wajukuu zangu wanapita pale kila siku. Mimi nimekwambia, nimeshaitua amana yangu." Nikamjibu: "Insha Allah, bibi." Msomaji anaijua insha Allah ya namna ile. Ilipita miezi minne.

Siku moja usiku upepo ukavunja kipande cha lile tawi kikadondoka katikati ya njia. Hakikumgusa mtu. Asubuhi yake nikaogopa, nikamtafuta kijana mmoja wa pale kijijini, mkwezi wa minazi, tukapatana shilingi elfu kumi. Akapanda miguu mitupu, panga kiunoni, bila kamba. Mimi nilisimama chini nikimwelekeza. Ili alifikie lile tawi kavu ilimbidi akanyage tawi jingine la chini yake, lililokuwa na majani mabichi na kuonekana zima. Halikuwa zima. Mchwa walikuwa wamelila kwa upande wa chini, na mimi nilikuwa nimeiona njia yao wiki ile ile. Sikumwambia. Nisiseme uongo mbele ya Allah (s.w.): nilichelea atapandisha bei.

Tawi lilikatika. Kijana akaanguka, akavunjika mfupa wa paja. Alhamdulillah yu hai. Lakini mpaka leo anachechemea, na mnazi hajapanda tena.

Kadari au uzembe?

Watu walikuja kunipa pole. Kila mmoja aliniambia maneno yale yale: "Maalim, hiyo ni kadari. Ilishaandikwa." Nami nilipolipa gharama za hospitali na kumpelekea kijana posho kwa miezi kadhaa, nikasifiwa kuwa ni mtu wa sadaka. Hapo ndipo usingizi uliponipaa. Je, kile nilichokuwa nikikitoa kilikuwa sadaka, au kilikuwa deni?

Tuanze na hiyo kadari. Kuamini kadari ni nguzo katika nguzo za imani, na hakuna Muislamu anayeikana. Lakini kadari ni faraja ya aliyefikwa na msiba baada ya kutimiza wajibu wake. Haikuwekwa iwe pazia la kumfichia aliyeuacha wajibu. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache tu na kutegemea. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee.

Na tauni ilipoingia Sham katika zama za Umar bin al-Khattab (r.a.), naye akaamua kurudi Madina pamoja na watu wake, Abu Ubayda (r.a.) alimhoji vipi anaikimbia kadari ya Allah. Umar alimfahamisha kuwa wanaiacha kadari moja ya Allah kuiendea nyingine iliyo ya Allah pia. Kisa hiki kimo katika Bukhari. Basi kama kuacha tawi lianguke ni kadari, kulikata ni kadari vile vile, na kumfunga kamba anayelikata ni kadari. Iweje sisi tuichague kila mara ile isiyotugharimu kitu?

Aliyeonywa si sawa na asiyejua

Mafakihi wetu hawakuandika sana juu ya matawi makavu, lakini waliandika sana juu ya ukuta ulioinama kuelekea njiani. Ukuta ukimwangukia mtu, mwenye ukuta atalipa? Katika Majalla, ule mkusanyiko wa sheria ulioandikwa katika Dola ya Uthmaniya baina ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, jawabu limefungamanishwa na onyo. Kama ukuta ulikuwa umeinama, mwenyewe akaonywa na mwenye haki ya kuonya, ukapita muda wa kutosha kuubomoa naye asiubomoe, basi analipa. Kwa mizani hiyo, yule bibi aliponisimamisha nje ya msikiti alikuwa amenibadilishia hukumu yangu. Kabla ya Ijumaa ile ningeweza kudai sikujua ukubwa wa hatari. Baada yake sikuwa na pa kujificha.

Ni uadilifu kueleza kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi kauli yenye nguvu ni nyepesi zaidi kwa mwenye mali. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa ukuta uliojengwa wima kisha ukainama wenyewe na kuanguka hauna dhamana, akaitaja pia kauli nyingine kwamba kama mwenyewe aliweza kuubomoa au kuutengeneza basi analipa. Huenda mtu akaikumbatia ile kauli ya kwanza akalala usingizi. Lakini ndugu zangu, mafakihi hapo wanazungumzia nani atoe fidia, hawazungumzii nani anaruhusiwa kuwaacha watoto wapite chini ya kifo. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara, na hakubagua baina ya dhara itokayo mkononi na dhara itokayo kwenye mti wa mtu.

Abu Daud amepokea kisa cha Samura bin Jundub (r.a.), aliyekuwa na mtende ndani ya bustani ya mtu katika Ansari, na kuingia kwake mle kukawa kunaiudhi familia ya yule Ansari. Mtume (s.a.w.) alimtaka auuze, akakataa. Akamtaka abadilishane, akakataa. Akamtaka autoe kwa kuahidiwa malipo ya Akhera, akakataa. Ndipo akamwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na akamwelekeza yule Ansari aung'oe. Wanazuoni wameizungumzia sanadi yake, lakini maana yake inaafikiana na msingi tulioutaja. Kumiliki mti hakumpi mtu haki ya kuwaudhi wenzake kwa mti huo.

Haki ya aliyepanda

Kufikia hapa mambo ni mepesi. Wengi watakubali kuwa tawi lile lilipaswa kuondolewa. Ugumu uko kwa yule kijana.

Lipo linaloweza kunitetea. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa anayekufa kwa kisima au kwa machimbo hana fidia, na wanazuoni wakafafanua kuwa ni pamoja na mtu aliyeajiriwa kuchimba kisima kikamporomokea. Amekubali kazi kwa hiyari yake, mwajiri hakumsukuma. Kwa kipimo hicho kadhi angeweza kuniambia: nenda, hudaiwi kitu. Yule kijana ni mtu mzima, alipatana bei mwenyewe, akapanda mwenyewe.

Lakini hukumu ya kadhi ni jambo moja, na mambo yaliyo baina ya mja na Mola wake ni jambo jingine. Hiyari ya yule kijana ilijengwa juu ya alichokiona. Mimi nilikuwa na habari asiyokuwa nayo, nikaificha kwa ajili ya fedha. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta limelowa chini, alimkemea mwenye nalo na kumjulisha kuwa anayeghushi si katika sisi. Tofauti yangu na yule mwenye chakula ni ipi? Yeye alificha umajimaji, mimi nilificha mchwa. Mnunuzi wake angepoteza dirhamu. Wangu amepoteza mguu.

Katika kanuni za fikihi zilizomo ndani ya Majalla zipo mbili zinazokaa karibu. Ya kwanza: dhara huondolewa. Ya pili: dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Mimi nilikuwa nikiisoma ya kwanza na kuishia hapo. Niliitoa hatari juu ya vichwa vya wajukuu wa yule bibi nikaipachika shingoni mwa mtoto wa mama mwingine, kisha nikajihesabu nimeondoa udhia njiani. Kumbe udhia haukuondoka, ulihama tu, na ukahamia kwa yule ambaye shilingi elfu kumi ilimnyima uwezo wa kuniambia hapana.

Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Ni sheria nzuri. Lakini kijana uliyepatana naye kwa mdomo chini ya mwembe, kazi ya saa moja, ni nadra mkaguzi yeyote kumwona. Anayemwona ni wewe, na Allah (s.w.) anawaona nyote wawili.

Kukata kwa ilimu

Abu Daud na Nasai wamepokea kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu ana dhamana ya atakachokiharibu. Kazi ya kukata matawi nayo ina elimu yake. Baada ya ajali nilikwenda kwa mafundi wanaoifahamu, nikasoma na kuuliza. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa ufupi, kwa kuwa kuyaficha ni kosa lile lile kwa mara ya pili.

Tawi kavu ni hatari kuliko bichi. Bichi hupinda na kulia kabla ya kukatika, kavu hukatika ghafla. Kwa hiyo halikanyagwi, halishikwi wala halifungwi kamba ya kumbeba mtu. Kabla ya yeyote kupanda, mti uzungukwe na kukaguliwa kuanzia chini: uyoga kwenye shina, mpasuko, tundu, njia za mchwa, mizinga ya nyuki, matawi yaliyokwisha katika na kuning'inia juu. Kila kitakachoonekana aambiwe anayepanda. Waya za umeme zikiwa karibu asipande mtu, waitwe wenye umeme wao.

Anayepanda awe na mkanda na kamba iliyofungwa kwenye sehemu nzima ya mti, kofia ngumu, na mwenziwe chini. Asipande mvua inaponyesha, wala shina likiwa limelowa, wala kwenye upepo. Ngazi imewaua wengi, kwa sababu tawi likishaachia sehemu iliyokatwa, kisiki kilichobaki huruka juu kwa kupungukiwa uzito, au tawi lenyewe huipiga ngazi linaposhuka. Njia izibwe pande zote mbili na wawekwe watu wa kuzuia wapita njia mpaka kazi iishe, kwani watoto hupenda kutazama.

Ukataji wenyewe ni wa mikato mitatu kwa msumeno, si kufyeka kwa panga. Mkato wa kwanza hupigwa kwa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye shina, ukiingia kama theluthi ya unene. Wa pili hupigwa kwa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na hapo tawi huanguka bila kuchana gome mpaka kwenye shina. Wa tatu huondoa kisiki kilichobaki, karibu na ile shingo iliyovimba pale tawi linapotokea, bila kuigusa shingo yenyewe.

Mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani, Alex Shigo, aliyepasua na kuchunguza miti kwa miaka mingi na kuchapisha maelezo yake mwaka 1977, alionesha kuwa mti hauponyi kidonda kama mwili wetu unavyopona. Huzungushia sehemu iliyooza ukuta wa ndani ili uozo usisambae, na kazi hiyo hufanyika kwenye shingo ile. Ukiikata umeubomoa mlango wa ngome. Na kupaka rangi au lami juu ya kidonda, jambo tulilokuwa tukilifanya kwa babu, hakuzuii kuoza. Subhanallah! Mti haulalamiki, lakini umepewa namna yake ya kujilinda, na sisi tunaivuruga kwa kutojua.

Si kila tawi kavu likatwe

Hapa nitahadharishe kosa la upande wa pili. Baada ya ajali ile baadhi ya ndugu walitaka tulisafishe pori zima, kila kilichokauka kishuke. Nikakataa. Ndani zaidi ya shamba, mbali na njia, una msufi uliokauka kileleni. Hondohondo wanaatamia katika tundu lake, na vigong'ota wanautoboa kutafuta wadudu. Tawi lile halimtishi mtu yeyote. Abu Daud amepokea habari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake, akawa anapiga mbawa kwa majonzi, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha arudishiwe. Tukata tawi kwa sababu linamdhuru mja. Kulikata kwa kuwa halipendezi macho si kuondoa udhia, huenda kukawa ni kuuleta.

Na ujue kuwa kila tawi usilolilazimika kukata ni kupanda kumoja umemwepusha mtu. Wakati mwingine kuisogeza njia hatua ishirini ni salama kuliko kumpandisha kijana juu ya mti uliooza.

Sadaka au deni?

Tawi lile hatimaye lilikatwa mwezi uliofuata, na mafundi wawili wenye kamba na msumeno. Gharama yake ilikuwa mara nane ya ile niliyopatana na yule kijana. Nilipokuwa nikiwahesabia fedha nilifahamu tofauti ile ilikuwa imetoka wapi siku ya kwanza. Ilitoka kwenye mguu wake.

Ndipo nikaenda nyumbani kwao. Nilimweleza mbele ya mama yake kuwa nilikuwa nimewaona mchwa wale kabla hajapanda. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza neno moja tu: "Kwa nini hukuniambia, Maalim?" Sikuwa na jawabu ninaloweza kuliandika hapa. Tulikubaliana, kwa kushuhudiwa na wazee wawili, kiasi cha kumlipa mpaka apate mtaji wa kazi asiyohitaji kupanda, na ikaandikwa kuwa ni haki yake. Nilisisitiza neno hilo liandikwe. Apewaye sadaka hushukuru na kuinamisha kichwa. Mwenye kudai haki yake hainamishi kichwa kwa mtu.

Ndugu zangu wenye miti: tazameni juu ya njia zenu wiki hii. Mkionywa na jirani msijibu kwa insha Allah ya kumwondoa mtu mlangoni. Na mkishaamua kukata, jiulizeni kama mngempandisha mwanenu wa kumzaa juu ya tawi lile, kwa kamba ile na kwa bei ile. Kama jawabu ni hapana, basi hata huyo mliyemwita hapaswi kupanda.

Allah (s.w.) amsamehe kila aliyeficha, amponye kila aliyevunjika, na atujaalie tuondoe udhia njiani bila kuupeleka kwa wengine. Amin.